Nusu saa ya kukaa chini na kufunga mdomo

Naandika hili usiku huu huu kabla halijanitoka kichwani.

Mwanangu ana miaka mitano. Bibi yake ndo aliyemlea tangu ana miezi mitatu, mi nikiwa kazini. Alipofariki sisi wakubwa tulilia, tukazika, tukarudi kwenye shughuli zetu, mtoto tukamwambia bibi kasafiri. Ingekuwa kuna siku moja naweza kuirudia nikaifanya upya, ningechagua ile.

Haukupita mwezi akaanza kukojoa kitandani na alishaacha zamani, shuleni akawa anang'ata wenzake, ukimgusa kidogo tu anarusha chochote kilicho karibu. Tukampiga, tukamnyima katuni, tukamkalisha tukamuuliza "kwa nini unafanya hivi lakini?" na yeye anatuangalia tu. Nikaona ni kiburi. Kumbe mtoto hana jibu, yani lile jambo lipo ndani linamchoma lakini halijapata maneno. Mi nikiumia namtafuta rafiki yangu namwaga yote, sasa mtoto wa miaka mitano atamwagaje?

Tukaelekezwa kwa dada mmoja anayefanya tiba ya michezo kwa watoto, yani mtoto anasaidiwa kutoa ya moyoni kwa kucheza badala ya kuongea. Nilivyoingia mle chumbani nikakuta midoli ya familia nzima, gari la wagonjwa, wanyama wakali wa plastiki, rangi, udongo wa kufinyanga, mito, na trei kubwa ya mchanga, na nikajisemea moyoni hivi kweli nimelipa pesa mtoto aje kucheza? Akanieleza taratibu kwamba hivyo vitu havikuwekwa ovyo, vingine ni vya kulea na kutunza, vingine vya kutolea hasira, vingine vya kubuni chochote, na anayechagua ni mtoto. Dakika 45 kila wiki, siku ile ile saa ile ile, kwa sababu mtoto aliyeondokewa na mtu ghafla anahitaji kitu ambacho anajua kitakuwepo.

Siku moja aliniruhusu nikae kwenye kona. Mwanangu akaenda moja kwa moja kwenye mchanga, akachukua mdoli wa mama mzee, akamfukia. Akamfukua. Akampangusa uso kwa kidole, akamfukia tena. Nilihesabu mara saba. Mdomo uliniwasha nimuulize huyo ni nani, lakini yule dada hakuuliza kitu, alikuwa anasema tu anachokiona, "umemfukia… ametoka… sasa unaubonyeza mchanga kwa nguvu sana." Mara mtoto akachota mchanga akamrushia usoni. Mi nimeshanyanyuka! Yeye sauti yake haikupanda hata kidogo, akamwambia "naona una hasira, mchanga si wa kumrushia mtu, ule mto pale unaweza kuupiga." Akaupiga ule mto mpaka jasho likamtoka, halafu akaulalia.

Usiku wakati namfunika shuka akaniuliza, "Mama, bibi mlimfukia?"

Alikuwa anajua muda wote. Nikamwambia ukweli, tukalia wote.

Tangu hapo nimekuwa nasoma kila ninachokipata. Hii kazi haijaanza jana, kule London daktari wa watoto Margaret Lowenfeld alikuwa anawapa watoto mchanga na vitu vidogo vidogo wajenge dunia zao tangu miaka ya 1920, na mwanasaikolojia Virginia Axline wa Marekani mwaka 1947 aliandika kanuni 8 ambazo mpaka leo zinafuatwa, mtoto apokelewe alivyo, aongoze yeye, asiharakishwe, na mipaka iwepo ile michache ya lazima tu. Niliposoma hiyo ya kutoharakishwa niliumia, maana mimi kila wiki nilikuwa namuuliza yule dada "atapona lini?" Kuna wiki alizidi hata kuliko mwanzo, akang'ata watoto wawili siku moja, nikataka kuacha kabisa. Nikaambiwa huwa inatokea mtoto akianza kuyatoa ya ndani. Nikavumilia.

Kingine, mzazi naye anafundishwa. Bernard na Louise Guerney, wanasaikolojia wa Marekani, walianza kufundisha wazazi kucheza hivi na watoto wao miaka ya 1960, na mimi nimepewa nusu saa kwa wiki nyumbani, simu imezimwa, nakaa chini na mwanangu na boksi la midoli ambalo halitolewi siku nyingine. Simfundishi rangi wala kuhesabu, simsahihishi, simsifii kila dakika. Jamani ni ngumu! Mara ya kwanza alichora jua la kijani na mkono wangu ulishaenda kwenye penseli ya njano.

Bado anakojoa kitandani siku mojamoja. Kung'ata kumepungua sana, na wiki iliyopita mwalimu wake kaniambia alipogombana na mwenzake alimfuata yeye mwalimu akasimama pembeni yake kakunja ngumi, akasema "nina hasira," basi. Nilimwomba mwalimu arudie kunielezea.

Kesho ndo siku yetu ya nusu saa. Nimeshapewa taarifa kwamba mi ntakuwa mgonjwa na yeye ndo daktari, na nisiamke mpaka aniambie.