Siku moja maishani mwangu: maabara, HPV na jeni ya UBE3A

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, chai kavu, boda mpaka hospitali ninakofanya kazi ya maabara hapa Kampala. Mvua ilinyesha usiku, njia yote matope.

Saa mbili sampuli za kupima HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, zinaingia, naziandika namba, napakia mashine, naomba umeme usikatike katikati.

Saa nne natoka nje kidogo, mama mmoja wa Arua kwenye foleni ananishika mkono, "Mwanangu, hii kirusi inafanya nini ndani? Jirani anasema nimerogwa." Nikaketi naye, hiyo siwezi kuipita. Nikamwambia mama, kwenye seli zako kuna jeni inaitwa UBE3A, iko kromosomu ya 15, inatengeneza enzaimu inayopiga protini chapa, chapa yenyewe inaitwa yubikwitini, na protini ikishapigwa inaenda kukatwakatwa, kama ng'ombe wa machinjioni. Ni kazi nzuri, usafi wa seli. Sasa HPV, hasa aina ya 16 na 18, inakuja na protini yake E6, inamshika mpiga chapa inamwelekeza kwa p53, na p53 ndo mlinzi anayezuia seli iliyoharibika isizaane. Mlinzi anachinjwa kila siku, miaka inapita, saratani ya mlango wa kizazi inapata njia.

Akafikiri, akaniuliza, "Basi si mumtoe huyo mpiga chapa?" Aisee, swali la maana kweli! Nikamwambia haiwezekani mama, ubongo unamhitaji. Kwenye niuroni, yaani seli za ubongo, nakala ya jeni hiyo inayotoka kwa baba imenyamaza, inayofanya kazi ni ile ya mama tu, mtoto akiikosa anapata ugonjwa wa Angelman, hilo lilijulikana 1997, kuongea kwake ni shida na kifafa juu.

"Kwa hiyo si uchawi." Si uchawi mama, wala si umalaya, wengi wetu tunakutana nacho hicho kirusi maishani.

Saa saba posho na maharage, haraka haraka.

Saa tisa majibu yake yakatoka, kirusi kipo. Kuwa nacho si kuwa na saratani, nesi akamweleza hivyo polepole, akampaka siki ya kupimia kwenye mlango wa kizazi, kisehemu kidogo kikageuka cheupe, dalili kwamba seli pale zimeanza kuharibika, kikachomwa hapohapo.

Saa kumi na moja nafunga, namkuta getini ananisubiri, ana mjukuu wa kike yuko P4, darasa la nne. Nikamwandikia kwenye karatasi: chanjo ya HPV, akifika miaka 10, bure. Akaikunja akaifunga kwenye pindo la leso.