Usiku wa kioo cheusi

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuwa akipanga droo ya meza yangu, akaibuka na sidii iliyoandikwa kwa wino mzito "10.04 beta 2", akaniuliza, "Mjomba, hii ni ya nyimbo gani?" Nilimjibu kwamba haina nyimbo, kisha nikakaa nayo mkononi kwa muda.

Ilikuwa Aprili 2010, mvua zikielekea kukatika Mtwara, nasi tulikuwa bado tunaishi Chikongola. Ubuntu 10.04, toleo jipya la mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ilikuwa itolewe rasmi tarehe 29, na toleo lake la pili la majaribio lilikuwa limetoka tarehe 8. Matoleo ya namna hiyo hayawekwi kwenye kompyuta inayotegemewa kwa kazi. Huwekwa na mtu aliye tayari kueleza atakachokiona. Mimi nilikuwa nimeitumia Ubuntu bure kwa miaka kadhaa bila kurudisha chochote, nikaona hapo ndipo pa kulipia. Faili la megabaiti karibu 700 nililipakua kwa siku nne kwenye intaneti kafe ya mjini, likikatika na kuendelezwa lilipoishia. Kabla ya kulichoma kwenye sidii, nilinakili daftarini ule mfuatano wa herufi na tarakimu 32 unaothibitisha kwamba faili limefika zima, nikaulinganisha kwa kidole, moja baada ya nyingine.

Usiku ule niliwasha mashine saa nne. Kilitokea kioo cha zambarau, na chini yake vipicha viwili vidogo, kibodi na mtu. Kisha kila kitu kikatoweka. Haukuwa weusi wa kompyuta iliyozimwa. Kwa nyuma kioo kilikuwa na mwanga hafifu, feni ikivuma, sidii ikizunguka na kutulia, ikizunguka na kutulia, kama kwamba kazi yote ilikuwa ikiendelea ndani ya chumba ambacho mimi nimefungiwa nje. Mama alifika mlangoni na sahani ya ming'oko, akasimama gizani.

"Umeme umekatika tena, mwanangu?"

"Hapana, Mama, upo. Kompyuta inafanya kazi, ila haionekani."

Alisikiliza ile feni kwa makini, akaweka sahani kando ya kibodi, akasema, "Basi isubiri," akaenda kulala. Nilisubiri mpaka ming'oko ikapoa.

Kadi ya picha ya mashine yangu ilikuwa kuukuu, na keneli, yaani kiini cha mfumo, ilijaribu kuipangia kioo kwa njia ambayo kadi ile haikuielewa. Daftarini nilikuwa nimenakili dawa yake: ubonyeze kitufe vipicha vile vinapotokea, uende F6, uchague nomodeset, yaani agizo la kuizuia keneli isikipange kioo yenyewe. Saa saba kasoro dawati la Ubuntu likafunguka kwenye kioo. Mkono wangu ulikwenda kulia kutafuta vitufe vya kufungia dirisha, navyo vilikuwa vimehamia kushoto. Rangi ya hudhurungi niliyoizoea ilikuwa imeondoka, na mpaka leo naamini zambarau ile iliizidi kwa uzuri.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaandikia watengenezaji wa Ubuntu taarifa ya hitilafu. Niliiandika kwanza kwenye karatasi, kwa Kiingereza, nikifuta na kurudia, kwa maana sikutaka mtu aliye mbali adhani kwamba aliyeko Mtwara hajui anachokisema: aina ya kadi, kilichoonekana, kilichofuata, hatua iliyosaidia. Siku chache baadaye niliulizwa swali moja, nikajibu. Kisha taarifa yangu ikaunganishwa na ya watu wengine walioona hali kama hiyo, na sikuulizwa tena.

Mwezi Mei nilipata toleo kamili. Liliwaka kwenye mashine ileile bila kubonyezwa chochote.

Nilimsimulia mpwa wangu yote haya, naye akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nimelibeba tangu wakati ule: "Kwa hiyo ni wewe uliyewaambia wakatengeneza?" Nilimwambia kwamba niliwaambia, na kwamba walitengeneza, lakini sijui kama jambo la pili lilitokana na la kwanza. Hakuridhika. Alitaka aione ile zambarau kwa macho yake, na kompyuta niliyonayo sasa haina pa kuingizia sidii.