Nilivyomtengenezea mdogo wangu ala ya bastola, na magazini tulizozikataa

Mimi ni fundi wa ngozi, komini ya Kenya (si ile nchi, ni sehemu ya mji), hapa Lubumbashi, Kongo. Nashona viatu, mikanda, mifuko ya vifaa vya mafundi umeme, ala za visu vya wachinjaji, na mara mojamoja askari polisi huniletea ala ya bastola iliyofumuka nimrudishie uzi. Ndiyo maana mdogo wangu anayeishi Houston, Texas, aliponunua bastola yake ya kwanza hakutafuta fundi wa huko. Alinipigia simu, akaniita yaya, yaani mkubwa wake: “Yaya, unitengenezee kitu ya ngozi, kitu ya nguvu, nivae chini ya shati.”

Ana duka la vyakula vya kwetu: unga wa bukari (ugali), mboga ya majani ya fumbwa, samaki wakavu, mafuta ya mawese. Hufunga usiku, na fedha ya siku nzima huwa mkononi. Amepata uraia wa Marekani, amesomea matumizi ya silaha kwa mwalimu, na sheria ya Texas inamruhusu. Natanguliza hayo kwa sababu kwetu mambo ni mengine. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 hairuhusu raia kuwa na bastola bila kibali, na kazi ninayoisimulia hapa sikuifanya ili mtu aivae katika mitaa ya Lubumbashi.

Sikugusa kisu kabla ya kumuuliza maswali. Bastola ya aina gani, ya mwaka gani? Utaivaa nje ya suruali au ndani? Unakaa kwenye kiti saa ngapi kwa siku? Mkanda wako una upana gani? Alishangaa, alidhani ningetaka kujua rangi tu. Majibu yalikuwa haya: Glock 19 ya kizazi cha tano, nje ya suruali chini ya shati pana, na upande wa kushoto, kwa sababu yeye ni mtu wa shoto tangu utotoni.

Glock ni bastola ya Austria. Ya kwanza, Glock 17, jeshi la nchi hiyo liliichukua mwaka 1982, na 19 ilifuata mwaka 1988 ikiwa fupi kidogo. Inabeba risasi 15 za milimita 9. Mwili wake ni wa plastiki ngumu na sehemu ya juu ni ya chuma. Lakini kilichonishughulisha mimi si hayo, ni kwamba ubavuni haina kitufe cha kuifunga. Kinga yake ya kwanza imo ndani ya kifyatulio chenyewe: kuna ulimi mwembamba katikati, na ulimi huo usipobonyezwa kifyatulio hakirudi nyuma. Ndani zimo kinga nyingine mbili, mojawapo ikizuia bastola isilipuke inapoanguka. Zote tatu huachia kifyatulio kikivutwa sawasawa. Na bastola haijui nani amekivuta. Kidole, pindo la shati, kamba ya koti, mkunjo wa ngozi laini: kwake ni kitu kimoja.

Hapo ndipo kazi ya ala inapoanzia. Watu wengi hudhani ala ni mfuko wa kubebea. Kwa bastola ya namna hii, ala ni sehemu ya usalama wake, na fundi anayeishona amebeba dhamana hiyo hata kama mwenye bastola yuko mbali naye.

Ala mbovu nimeziona za kutosha. Zinazoletwa hapa kwangu nyingi zimelegea mdomo: bastola ikitoka, mdomo unalala, na mwenyewe akitaka kuirudisha anasukuma kwa nguvu. Ngozi ikijikunja ikaingia ndani ya kikingio cha kifyatulio, ule mduara unaokizunguka, anaweza kujipiga paja. Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu wazi: nikikosa ngozi inayofaa sitakutengenezea, utanunua ile ya plastiki. Wanaitengeneza kwa kupasha moto bamba la plastiki na kulibana juu ya umbo la bastola. Ni ngumu, mdomo haulali, hainywi jasho, na wanaoipenda wana haki. Yeye alitaka ngozi kwa sababu anakaa kwenye kiti cha duka mchana kutwa na plastiki inamchoma kiunoni. Sababu hiyo niliikubali. Zile za kitambaa ambazo dukani wanasema zinaingia bastola yoyote, hizo nilimkataza kabisa. Ala isiyojua bastola yake haiwezi kuishika.

Kuipata ngozi kulichukua muda kuliko kushona. Nyingi tunayouziwa sokoni ni ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu. Ni laini, nzuri kwa viatu na mikoba, ila ukiilowesha ukaikanda juu ya umbo, ikikauka inarudi ilivyokuwa. Nilihitaji ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Ukiikata, ndani ina rangi ya kahawia mpaka katikati, ilhali ya kromu mara nyingi inaonyesha rangi ya kijivu iliyoingia ubuluu. Dondoshea tone la maji: ya magome inalinywa na kukoza rangi papo hapo. Kipande nilichokipata kilikuja na mfanyabiashara anayevuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unene wa milimita tatu na nusu, bila makovu ya kupe upande wa mgongo. Nilichukua sehemu ya mgongo tu. Ya tumbo inavutika, ikivaliwa miezi inalegea.

Kisha likaja suala la umbo. Mafundi wa Marekani hutumia bastola ya mfano, kipande kizima cha plastiki kisichoweza kupiga. Kumwambia msafiri akivushe kitu kama hicho kwenye viwanja vya ndege mpaka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, hapana, sitaki mtu apate matatizo kwa ajili yangu. Mdogo wangu aliipima bastola kwa kipimo cha mafundi, mahali baada ya mahali, akiwa ameondoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, na kuangalia chumba cha risasi mara mbili. Akanitumia namba na picha: upana wa sehemu ya juu milimita 25 na nusu, urefu wake 174, kina cha kikingio, mahali kinapoanzia na kinapoishia. Mimi nikachonga mti. Na nilichonga sehemu inayoingia ndani ya ala tu, mpini sikuuweka. Ukikiona kile kipande juu ya meza yangu utadhani ni kalibu ya kiatu cha ajabu. Watoto wa jirani hupita hapa kila siku, na mji huu umeshaumizwa na watu wenye bunduki usiku. Sikutaka kitu chenye sura ya bastola kizagae kibandani.

Wakati ngozi inalowa, nilimwomba picha za magazini, maana alitaka pia mfuko wa kuweka moja ya akiba upande wa pili wa mkanda. Nikasema: zipange mezani zote, zipige kushoto, kulia, mbele, na unipimie kila moja ikiwa tupu na ikiwa imejaa. Alikuwa na zilizokuja na bastola, mbili alizopewa na rafiki, na moja ya bei nafuu ya kampuni nyingine.

Zile za rafiki zilinigutusha. Zilizokuja na bastola zina kijishimo cha kushikia pande zote mbili, hizi zina upande mmoja tu. Mimi si mtu wa bastola, lakini nimeshika vifungo na vishikizo maisha yangu yote, na kitu kinachoshikwa upande mmoja hakiwezi kushikwa upande mwingine. Nikamuuliza: kile kitufe cha kuachia magazini, kwako kiko upande gani? Akajibu kwamba fundi wa dukani amekihamishia kulia, ili kidole gumba chake cha kushoto kikifikie. Basi nikamwambia atie moja ya zile za rafiki, tupu, bastola tupu, avute taratibu. Ilitoka mkononi bila kubonyeza chochote.

Sababu yake ni rahisi. Glock zilianza kuwa na kitufe kinachohamishika katika kizazi cha nne, na magazini za kuanzia hapo zimetobolewa pande zote mbili. Za zamani zinaingia vizuri na hata zinafanya kazi kitufe kikibaki kushoto kilipozoeleka. Mtu wa shoto aliyekihamisha akichukua ya zamani, haishikwi. Na magazini ikichomoka, bastola inabaki na ile risasi iliyo chumbani peke yake. Alizirudisha kwa rafiki yake, ambaye anatumia mkono wa kulia na kwake zinafanya kazi bila shida.

Ile ya bei nafuu tuliikataa kwa kipimo. Ikiwa tupu ilikuwa sawa na wenzake, ikijazwa ilivimba kwa kiasi cha kuonekana kwenye kipimo. Za Glock zenyewe zina chuma ndani ya plastiki, na ndicho kinachozuia kuta zisitanuke na midomo ya juu, inayoshika risasi, isiachane. Magazini inayovimba haidondoki vizuri unapobonyeza kitufe, na mfuko nitakaoushona kwa unene wake utakuwa mpana kwa zile nyingine. Sikuona sababu ya kuibakiza. Bastola ikikwama, mara nyingi kosa haliko kwenye bastola. Liko kwenye magazini, au risasi, au namna ya kuishika.

Zilizobaki alizitia namba kwa rangi nyeupe kwenye kitako: 1, 2, 3. Hilo alifundishwa na mwalimu wake, nami nalipenda sana. Kwenye uwanja wa kulenga shabaha alizipiga zote, kwanza na risasi za mazoezi, halafu na zile atakazobeba kweli, kwa sababu kichwa chake ni kipana na chenye shimo, na kinaweza kupanda vingine kuelekea mtutuni. Kila mara alitazama mambo matatu: risasi zinapanda bila kukwama? Baada ya ya mwisho sehemu ya juu inabaki nyuma? Ukibonyeza kitufe, magazini inadondoka yenyewe? Magazini yoyote ikirudia kosa lilelile, hiyo inaondoka kwenye mkanda na kubaki ya mazoezi. Wasiotia namba hawajui wamlaumu nani.

Aliniuliza kama aziache zimejaa, asije akaua springi. Springi huchoka zaidi kwa kujazwa na kumwagwa mara nyingi kuliko kwa kukaa zimebanwa. Alichopaswa kuogopa ni mafuta: ndani ya magazini hayatakiwi, yanakusanya vumbi mpaka kile kipande kinachosukuma risasi kinakwenda kwa kusita.

Ngozi sasa. Niliiweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka mapovu yakaisha, nikaiacha itoe maji ya juu, nikaishona pembeni kisha nikaingiza ule mti. Kwa kipande cha mfupa wa ng'ombe nilichokisugua zamani mpaka kikang'aa, nilifuata ukingo wa kikingio cha kifyatulio pole pole, nikibonyeza mpaka mstari wake ukasimama kwenye ngozi. Hapo ndipo bastola inaposhikwa. Si kamba, si kifungo, ni lile bonde dogo. Nikafunika kifyatulio chote pande zote mbili, hakuna tundu hata la kupitisha kalamu. Mdomoni niliongeza tabaka la pili lenye bamba jembamba la chuma katikati, ili ubaki wazi bastola ikiwa nje na airudishe kwa mkono mmoja. Nyuma nilipandisha ngozi juu kidogo, chuma kisiguse jasho.

Kukausha ni kivulini, tena polepole. Tulikuwa katika kiangazi, hewa ya Lubumbashi ikiwa kavu na usiku wa baridi, majira mazuri kwa kazi hii. Anayeweka juani au karibu na mbabula, jiko la makaa, anapata ngozi iliyosinyaa na kupasuka kwenye mikunjo. Uzi ni wa nailoni uliopakwa nta ya nyuki, sindano mbili, kila tundu limepitwa mara mbili. Mshono wa mashine ukikatika mahali pamoja unafumuka, huu hapana.

Mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akisafiri aliibeba. Tulijaribu kwa video, bastola tupu, chumba cha risasi kimeangaliwa, risasi zote ziko katika chumba kingine cha nyumba. Aliigeuza juu chini juu ya godoro akaitikisa: haikutoka. Alibonyeza kwa kidole gumba juu ya ngozi mahali kilipo kifyatulio: hakikusogea. Akaingiza na kutoa akiwa amekaa, amesimama, ameinama kuchukua gunia la unga. Kisha akaivaa nyumbani siku kadhaa ikiwa bado tupu, mpaka mkono ukazoea kwenda mahali pamoja, na kurudisha bila haraka huku kidole kikiwa kimenyooka nje.

Mkanda wake wa suruali ulikuwa mwembamba na ala ilining'inia, kwa hiyo nilimshonea mwingine wa tabaka mbili. Nilimsisitizia pia kwamba ala si mahali pa kulaza bastola. Ngozi hushika unyevu, na Houston ni mji wa joto la maji, chuma kitapata kutu. Zaidi ya hapo ana watoto wadogo. Usiku bastola inalala kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na ala inaning'inizwa hewani.

Mwanzoni alilalamika inabana, akataka kuipaka mafuta ya nazi. Nikamkataza, mafuta yangeilainisha na kazi yote ingepotea. Afunge bastola tupu kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, aisukume ndani, aiache usiku mmoja ndani ya lile sanduku. Ilitosha. Na nimemwambia aitazame mdomo kila anapoivaa. Siku ukianza kulala, aikate kwa kisu vipande viwili asije akampa mtu mwingine, na anipigie nianze kutafuta ngozi.