Siku ya 23, tukavuka

Arubaini yangu haijatimia. Leo ni siku ya 29 tangu nipasuliwe, na naandika nikiwa nimekaa ukumbini kwetu Wete, Pemba, miguu juu ya kigoda kwa amri ya Bibi, harufu ya karafuu zilizoanikwa uani inaingia dirishani.

Sikuwa na mpango wa safari. Baba mtoto alipewa siku 3 za likizo, kama sheria ya kazi inavyosema. Siku 3! Hata kitovu hakijadondoka. Ya nne nikabaki peke yangu Dar, na mshono unaovuta kila nikiinuka. Mama alipiga simu, akasikia ninavyohema, akasema neno moja tu: "Mlete." Nyuma yake Bibi anapiga kelele kwamba mzazi havushwi bahari ndani ya arubaini. Walibishana wiki nzima. Daktari akautazama mshono, akaniruhusu, ila nisinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe.

Bandarini mchukuzi alibeba begi langu la nepi, akalitupia kwenye mizigo ya chini. Nilipolijua hilo, boti lilikuwa limeshang'oa nanga. Mpaka Unguja mtoto alivaa kipande cha kanga yangu, na hakulalamika. Aliyelalamika ni mimi. Tukalala kwa mama mdogo, asubuhi tukapanda ya Mkoani.

Ni mwezi wa saba, kusi limeshika. Msafiri wa Pemba anaujua mkondo wa Nungwi. Tangu Spice Islander izame huko mwaka 2011, tukifika pale watu wananyamaza wenyewe, unasikia midomo tu ikisoma. Boti likapanda, likaanguka, likapanda. Nikahisi matumbo yanakuja kooni. Wiki 3 nzima sikumwachia mtu mtoto bila kumsimamia, hata baba yake. Mama mmoja wa buibui, kiti cha pili, akanyoosha mikono: "Nipe mwanangu, utamtapikia." Nikampa. Niliinamia mfuko mpaka machozi yakatoka, na nilipoinua kichwa mtoto kalala kifuani kwake fofofo, kama wanajuana. Sikumuuliza hata jina.

Kumbe ule ulikuwa mwanzo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa bahari. Nyumba sikuiwazia kabisa.

Bibi alikuwa mlangoni. Kelele zote za simu zile kazisahau. "Mume wangu kaja!" Akamchukua hata sijavua viatu. Akina shangazi wakamzunguka, wakamkunja masikio kutazama rangi atakayokuwa nayo, wakagawana pua na vidole: hii ya babu yake, hiki cha kwao upande wa pili, haidhuru. Akika yake walishachinja hapa siku ya 7, sisi tukiwa Dar, kwa hiyo nyama walikula na jina walilisikia kwa simu. Walikuwa wanamdai uso.

Sasa mambo ya ubishi. Siku ya pili nilimkuta shangazi na kijiko cha maji, eti koo la mtoto limekauka. Hapo sikuyumba: miezi 6 ni ziwa tu, basi. Alininunia mpaka magharibi. Wanja nilikubali nusu, upakwe kwenye paji, si machoni. Kukandwa tumbo kwa maji ya moto nilikataa kwa sababu ya mshono. Bibi akafikiri, akakanda mgongo na miguu, na sijui niseme nini, nililia kwa raha. Supu ya kuku yenye pilipili manga naletewa mara 3 kwa siku. Kadi ya kliniki nimeiweka juu ya kabati, maana wiki ya 6 itatukuta hapahapa na chanjo atachomwa hapahapa.

Kinachonisumbua ni kingine. Kutwa nzima namwona mtoto akiletwa kunyonya na akichukuliwa, mkono kwa mkono, na najikuta nahesabu mikono. Nilikuja kutafuta msaada. Msaada umefika, na mimi nauonea wivu.

Juzi niliamka kwa adhana ya alfajiri, maziwa yamelowesha kanga, pembeni pangu patupu. Nilitoka nimeshika tumbo. Bibi alikuwa barazani, kanyoosha miguu, mtoto kamlaza katikati ya mapaja yake, kichwa kwenye magoti, anamtikisa polepole huku anamsomea watu: wewe mwana wa fulani, bin fulani, aliyetoka Tumbe, bin fulani, aliyekuwa na jahazi. Mtoto macho yote wazi, anamsikiliza. Majina mengine mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia.

Nikasema, Bibi, ana njaa.

"Kaa hapo," akaniambia bila kugeuka. "Hatujafika kwa babu yake wa tano."

Nikakaa.