Mzani wa jamaa wa skrapu

Hii ilikuwa Aprili 2018, ule mwaka mvua ilinyesha Nairobi mpaka ukadhani mbingu imetoboka, na mimi nilikuwa naishi Umoja, bedsita floo ya nne, maji ya bomba tunaonana nayo mara mbili kwa wiki. Jumapili jioni natoka dukani nikaskia kitu inalia chini ya kibanda cha mama mboga. Sio ile nyau ya kuomba omena, hii ilikuwa nyembamba na inakatika katika. Nikainama na tochi ya simu, kumbe ni yule paka wa rangi tatu ambaye hushinda kwa bucha, mguu wa nyuma unaning'inia na mfupa umetokeza.

"Boda ilimkanyaga saa nane," mama mboga akasema, "na hakuna mtu ameweza kumshika. Wachana naye mwanangu, asubuhi hafiki."

Labda angenyamaza ningepita tu. Lakini vile alisema hivyo nikajipata nimepiga magoti kwa matope.

Kosa langu lilikuwa kumshika na mikono mitupu. Paka akiwa na uchungu hajui nani amekuja kumsaidia, aliniuma kidole gumba mpaka nikaita mamangu. Mama mboga akanitupia leso, tukamfunika kichwa, tukamkunja kama mtoto mchanga, hapo ndio akatulia.

Nilikuwa na beshte tulisoma naye sekondari, yeye akaenda kusomea udaktari wa mifugo pale Kabete. Nikampigia. Unajua alianza na nini? Hakuuliza paka, aliuliza kama nimeumwa. Alafu akaniambia nioshe kidole na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na kesho nisikose sindano ya kichaa cha mbwa, ati mbwa sio peke yake hubeba hiyo kitu. Maji yanayotiririka, Umoja, Jumapili! Nilimwaga mtungi mzima wa lita 20, maji ya kupikia hayo.

Saa hiyo mlango umejaa majirani na kila mtu ni daktari. Mmoja ana maziwa, mwingine Dettol, keateka naye amekuja na nusu ya Panadol ameisaga kwa kijiko, na kusema kweli mimi ningempa, si ni dawa ya maumivu? Nikaweka simu kwa spika. Beshte yangu akapiga kelele mpaka keateka akarudi nyuma. "Mzee, hiyo weka chini! Panadol inaua paka, hata hiyo nusu!" Mwili wa paka hauwezi kuivunja vile wetu hufanya. Dettol pia ni hapana, kwa sababu atajilamba na alambe sumu. Chemsha maji, nusu lita na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa mmwagie polepole kwa kidonda, funika na kitambaa safi, na mfupa usijaribu kuunyoosha. Kutoka saa nne usiku asikule kitu, juu pengine watamlaza ndio wamtengeneze, na akitapika akiwa amelala chakula inaweza ingia kwa mapafu.

Alafu fizi. Kila saa nimwinue mdomo niangalie fizi, zikiwa nyeupe nisingoje asubuhi. Hivyo ndivyo nililala, ama sikulala, alamu inalia naamka na tochi. Saa tisa zilikuwa pinki hafifu kama Big G iliyotafunwa sana. Alikuwa ananguruma ile ya raha, nikafurahi, kumbe paka hufanya hivyo hata akiwa na uchungu mbaya.

Asubuhi nikatoa nguo chafu kwa kikapu changu cha plastiki, nikatandika taulo, mfuniko nikafunga na kamba za viatu. Beshte akatuma mesiji: "Ana kilo ngapi? Dawa inapimwa na uzito." Kilo? Bucha alikataa kata kata, na sikumlaumu. Ikabidi niende kwa jamaa wa skrapu, yule hununua vyuma kuukuu kwa kilo, na ule mzani wake wa kuning'iniza. Akapima kikapu na paka, alafu kikapu peke yake, kwa makini kabisa. "Kilo mbili na robo, bosi. Hiyo siezi nunua."

Kwa matatu ya Uthiru, tukienda kwa daktari wa wanyama, konda akataka nauli ya kuku.

Mguu haukuokoka, ulikatwa siku hiyo hiyo, na siku hizi anapanda ukuta na mitatu kama hakuna kitu ilifanyika. Lakini kabla ya hiyo daktari alikuwa anajaza kadi. Jina? Sikuwa nimefikiria, nikasema Skrapu. Jike? Rangi tatu, karibu wote ni majike, akaangalia akatiki. Uzito? Nikajibu kwa ujasiri, kilo mbili na robo. Akamweka kwa mzani wao wa dijitali.

2.7.

Karibu nusu kilo, kwa paka! Na mimi mwezi uliotangulia nilikuwa nimemuuzia yule jamaa masufuria yote ya mamangu.