Ukuta wa Maji ya Mto Torne

Nyumbani kwetu Tanga barafu ni mtaji. Mzee amefanya biashara ya samaki tangu kabla sijazaliwa, na siku zote nimemwona akiipanga siku yake kwa mambo mawili: bahari imeamkaje, na barafu imepatikana kwa bei gani. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi bonge la barafu linapanda bei, na jodari aliyevuliwa kwa jasho anauzwa kwa bei ya kutupa kabla hajachina. Kwa hiyo dada aliponiambia kwamba Stockholm kuna baa iliyojengwa kwa barafu, kuta, kaunta, viti mpaka bilauri za kunywea, mimi sikuwaza kinywaji. Nilitaka kuliona bonge lenyewe.

Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Ni muuguzi, na amekaa Uppsala, mji wa Uswidi, miaka mingi hadi Kiswidi anakiongea bila kutafuta maneno. Tulishuka Stockholm kwa treni, Februari, tukatembea kwanza. Mtu wa pwani hapotei mji ule. Umejengwa juu ya visiwa 14, pale ziwa Mälaren linapokutana na Bahari ya Baltiki, na kila ukikata kona unakuta maji, gati na boti. Ila kando ya gati maji yalikuwa yameganda, na chini ya daraja mapande ya barafu yalikuwa yakisukumana na mkondo, yakikwaruzana kwa sauti kavu. Nilisimama pale kuyaangalia mpaka dada akaanza kunivuta mkono. Barafu ya bure, imezagaa, hakuna anayeigombania. Niliwaza watu wetu pale mnadani wangefanya nini na ngawira ile.

Baa yenyewe ipo ndani ya hoteli iliyo jirani na stesheni kuu, eneo la Vasaplan. Ilifunguliwa mwaka 2002, na barafu yake inatoka kwa watu wa Icehotel, hoteli ya barafu inayojengwa upya kila majira ya baridi kijijini Jukkasjärvi, kaskazini kabisa mwa Uswidi, karibu na mji wa Kiruna. Unakata tiketi ambayo bei ya kinywaji cha kwanza imo humohumo, na muda wa kukaa una kikomo. Kabla ya kuingia unavishwa joho zito lenye kofia, na glavu nene. Halafu kuna milango miwili: wa kwanza ukishafungwa nyuma yako ndipo wa pili unafunguliwa, ili joto la nje lisimwagike ndani kwa mkupuo. Nililipenda wazo hilo mara moja. Mzee angelipenda pia, kwa sababu kila akifungua deli lake anafungua nusu, anachomoa samaki, anafunga, na ole wake mtoto atakayeacha mfuniko wazi.

Ndani kunawekwa nyuzi kama 5 hadi 7 chini ya sifuri. Siku ile nje ya hoteli kulikuwa na baridi kuliko humo ndani. Baadhi ya wageni waliingia wakipiga kelele, wakapigana picha, wakanywa, wakatoka. Siwalaumu, wamelipa pesa yao. Mimi nilikwenda moja kwa moja ukutani.

“Mdogo wangu, njoo huku kwenye pembe,” dada aliniita. “Huku haijaguswaguswa.”

Alipita upande wa pili wa nguzo moja, akashika tiketi yetu ya treni nyuma yake. Nguzo ilikuwa nene kuliko paja langu. Nikaisoma tiketi: jina la stesheni, saa ya kuondoka, hata zile herufi ndogondogo za masharti zilizo chini. Katikati ya barafu hapakuwa na ukungu, hapakuwa na povu, hapakuwa na ule moyo mweupe ninaoujua. Palikuwa na ufa mmoja tu, mwembamba, umejipinda kama unywele, na taa iliyofichwa chini ya nguzo ikaufanya ung'ae buluu.

Kwa aliyezoea barafu ya kiwandani hilo ni jambo kubwa, na naomba nilieleze kidogo. Bonge letu hutengenezwa kwa kujaza maji kwenye makopo marefu ya bati, kisha makopo yanazamishwa kwenye tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri. Maji yanaanza kuganda pembeni, ubaridi unatembea kuelekea katikati. Barafu inapojijenga haipendi kuchukua kitu kingine zaidi ya maji, kwa hiyo hewa na madini yaliyoyeyuka humo vinasukumwa mbele, vinasukumwa, mpaka vinakosa pa kwenda vikakwama katikati. Ndiyo maana bonge la sokoni lina ganda linaloonyesha kidogo na moyo mweupe kama maziwa. Ukilipiga rungu, moyo ule ndio unaopasuka kwanza na kuwa chengachenga.

Barafu ya baa ile inakatwa Mto Torne, ule unaopita Jukkasjärvi, na mto huo unaganda kwa namna nyingine. Baridi inakuja kutoka juu, barafu inakua kuelekea chini, na chini yake maji yanaendelea kutembea majira yote ya baridi. Hewa na uchafu vinaposukumwa havikwami, mkondo unaviokota na kwenda navyo. Na mkondo huo upo kwa sababu Torne haujafungwa bwawa kubwa la umeme; ni mmojawapo wa mito minne ya Uswidi iliyowekewa ulinzi wa sheria isizibwe. Wenzetu wale walikubali kuukosa umeme wa mto mzima wabaki na mto wenyewe. Nilipoelewa hivyo, ile nguzo niliitazama kwa macho mengine. Uangavu wake unatokana na uamuzi wa watu.

Kijana wa kaunta alituona tumekaa kwenye ukuta muda mrefu, akasogea kuuliza kama kuna shida. Dada akamweleza kwamba huyu mgeni kwao wanauza samaki, anaijua barafu. Uso wake ukabadilika. Akaacha maneno anayowaambia wageni wote, akatusimulia kazi yenyewe. Katikati ya baridi watu wa Jukkasjärvi wanachagua eneo la mto, wanaondoa theluji iliyotanda juu yake. Theluji ni blanketi, ikiachwa inazuia baridi kushuka. Ikiondolewa, barafu inanenepa. Machi na Aprili, mwanga ukisharudi na barafu ikiwa imefikia unene wake, wanaikata kwa misumeno maalumu, na mashine zinayainua mapande kutoka mtoni. Pande moja lina uzito wa tani 2 hivi. Yanapelekwa kwenye ghala la baridi, yanakaa humo kiangazi chote yakisubiri majira mengine ya baridi, au yasafirishwe kwenda kama hapa Stockholm, ambako wachongaji wanayapanga na kuyapa sura.

Nilimwomba dada amuulize wanayaunganisha kwa gundi gani. Akacheka kwa furaha: ni maji. Wanayamwagia, yanaganda, basi. Na kule hotelini matao wanayajengea mchanganyiko wa theluji na barafu ambao una hewa ndani yake, kwa hiyo unazuia joto na hauyeyuki upesi.

Kabla majokofu hayajaenea duniani, kazi hii haikuwa ya kupamba baa. Norway ilikuwa ikikata barafu ya maziwa yake na kuipeleka London kwa meli. Mwaka 1833 meli kutoka Boston, Marekani, ilifikisha barafu Calcutta, India, baada ya miezi minne ya bahari. Kinga iliyotumika sana katika biashara ile ilikuwa vumbi la mbao. Vumbi la mbao! Ndilo hilohilo ninaloliona nyumbani, limerundikwa juu ya mabonge na kufunikwa kwa magunia nyuma ya pikapu. Mbinu hiyo imedumu kuliko makampuni yote yaliyoitumia.

Kinywaji nitakipitia haraka. Sisi hatunywi pombe, tukaagiza juisi ya lingon, tunda dogo jekundu la porini ambalo Waswidi wanalipenda sana, chachu yenye utamu wa mbali. Bilauri ndiyo ya kusimulia: kipande cha barafu chenye pande nne, kimetobolewa katikati, kizito mkononi. Glavu zinakukinga wewe na zinaikinga bilauri, maana kiganja kitupu kingeanza kuiyeyusha papo hapo. Juisi inamiminwa ikiwa tayari baridi kwa sababu hiyohiyo. Baada ya dakika chache, pale midomo yangu ilipokuwa ikigusa palikuwa pameshalainika na kuingia ndani, alama ya mdomo wangu kabisa.

Na hapo ndipo nilipogundua kitu kilichonikaa moyoni kuliko vyote. Nilizunguka tena kuangalia kuta zilizo karibu na kaunta, zile ambazo wageni wanaegemea. Zilikuwa zimefifia. Pumzi zetu zina mvuke, mvuke unakwenda kugandia kwenye barafu kama umande mweupe, na ukuta unapoteza uangavu wake. Kona zilizochongwa kali zilikuwa zimelika na kuwa mviringo. Kwenye kiti kimoja palikuwa na bonde pale watu wanapokalia, ingawa kimetandikwa ngozi. Mashine inaweza kushikilia nyuzi, haiwezi kuwazuia watu wasiwe na joto. Ndiyo sababu baa inachongwa upya kila baada ya muda, na wachongaji wanaijua hatima ya kazi yao kabla hawajashika patasi. Walioifanya ile nguzo ya pembeni waliifanya kwa ukamilifu wakijua itatoweka. Nililiheshimu hilo sana.

Lakini sitaficha linalonikera. Kule Jukkasjärvi hoteli ya majira ya baridi inasimama kwa baridi ya Mungu, na joto likirudi inayeyuka, maji yanarudi mtoni yalikotoka. Tangu mwaka 2016 wana pia sehemu inayokaa mwaka mzima, na kiangazi wanaipoza kwa umeme wa jua, ambalo kule juu halizami kwa wiki kadhaa. Hilo naliona sawa. Baa ya mjini ni habari nyingine. Mashine inavuma Januari, inavuma Julai, ili watu waone kitu ambacho mlangoni pao kipo cha bure miezi kadhaa ya mwaka. Na zipo baa za namna hii hata Dubai, ambako nje nyuzi zinapita 40. Mimi natoka mahali ambapo umeme wa kugandisha barafu unaamua kama watoto wa mvuvi watakwenda shule na ada, kwa hiyo siwezi kuuona umeme huo kama kitu kidogo. Ningefurahi zaidi baa ya Stockholm ingefunguliwa miezi ya baridi pekee, nayo iachwe iyeyuke. Nilimwambia dada hivyo tukiwa bado tumeshika bilauri zetu. Hakukubaliana nami. Alisema mtoto wa Stockholm asiye na nauli ya kwenda Kiruna ana haki ya kuigusa barafu ya Torne. Na kweli, karibu nasi palikuwa na mama na binti yake mdogo, mtoto amebandika pua kwenye ukuta, akihesabu kwa sauti vipovu vichache alivyovipata. Hoja ya dada ina uzito, ila sijaiacha yangu.

Jioni nilimpigia mzee. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamsimulia yote tangu mlango wa pili mpaka bilauri. Habari za baa hazikumgusa. Alichouliza ni kuhusu lile ghala: tani zote hizo zinakaaje kiangazi chote bila kushikana? Wanaweka nini katikati ya pande na pande? Sikuwa na jibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Ukarudi huko, mwanangu, usiende baa. Nenda ghalani.”

Na ndivyo nilivyoamua. Ninachokitaka sasa ni ule mto, siku ile msumeno unaposhuka na pande la kwanza linapovutwa juu likichuruzika maji, na wale wanaojua kwa kuangalia tu kwamba hili lina ufa na hili halina. Nina maswali ya mzee na mengine ya kwangu. Nataka kujua wanakata saa ngapi, pande lenye kasoro wanalipeleka wapi, na kama kuna mwaka barafu iligoma kunenepa. Dada ameshasema tutakwenda pamoja kwa treni ya usiku hadi Kiruna, ila niombe likizo mapema, nisingoje Februari iingie, kwa sababu hawezi kubadilisha zamu zake za Machi kwa taarifa ya wiki moja.