Bajeti ya Seti 30

Tarehe 9 Desemba 2015 hapakuwa na gwaride. Rais Magufuli, aliyeapishwa mwezi mmoja tu kabla, alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza nchi nzima ifanye usafi, maana kipindupindu kilikuwa kinaua watu. Tanga nasi tukatoka na mafagio na makoleo. Mtaro wa barabara ya 14 ukazibuliwa tangu asubuhi, na kufika saa tano watu wakatawanyika kwenda kuoga. Shangazi akafungua mlango wa duka nusu, akaniita.

"Njoo na kikokotoo chako, mwanangu. Leo hakuna wa kutusumbua. Tupange hela ya matangazo."

Duka lilikuwa fremu moja ya kushona na kuuza sare za shule: mashati meupe, sketi na kaptula za bluu iliyokoza, ushungi mweupe kwa wasichana wa Kiislamu, na sweta kwa zile shule chache zinazozitaka hata kwa joto la Tanga. Palikuwa na cherehani tatu, mashine moja ya ovaloki, fundi mzee ambaye sote tulimwita Babu, na kijana wa kukata na kupiga pasi. Msimu wetu ni mmoja, kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari inapoisha. Miezi mingine ni kupunguza suruali za watu na kushona magauni ya shughuli.

Mwaka ule msimu ulikuwa na jambo jipya. Mwishoni mwa Novemba Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015: kuanzia Januari 2016, katika shule za umma, mtoto atasoma hadi kidato cha nne bila ada wala michango. Sare, madaftari na kalamu vilibaki mikononi mwa mzazi. Shangazi alielewa haraka maana yake. Wapo watoto waliokaa nyumbani kwa sababu ya mchango wa dawati au wa mlinzi. Hao sasa wangeandikishwa, na kila mmoja angehitaji shati na kaptula. Wazazi wao hawakuwahi kukanyaga dukani kwetu. Wangejuaje kwamba tupo?

Wakala wa matangazo wa redio alikuwa ameshatutembelea. Kijana nadhifu, mwenye faili na maneno ya kuvutia. Alitaka shilingi 450,000 kwa matangazo ya wiki mbili, na akasema redio yao inasikika hadi Muheza na kupita. Shangazi alivutiwa, na mimi namwelewa. Mwanamke aliyeanza na cherehani moja barazani kwake, kusikia jina la duka lake likitajwa hewani, ile ni heshima. Hela alikuwa nayo: shilingi milioni mbili, zimefungwa kwenye kitambaa, za kwenda Kariakoo kununua majora kwa bei ya jumla.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, cheti cha uhasibu, na chuoni tulifundishwa kwamba bajeti ya matangazo ni asilimia fulani ya mauzo. Nilijua Shangazi hatasikiliza asilimia. Na kusema kweli asilimia haimwambii chochote mtu anayeuza kitu kimoja kimoja na kukipima kwa futi mkononi. Kwa hiyo nikamwomba tuanze na seti moja.

"Shati na sketi tunauza 18,000. Kitambaa, vifungo, zipu na uzi vinakula ngapi?"

"Elfu nane na mia tano."

"Babu unamlipa ngapi kwa seti?"

"Elfu nne."

Inabaki 5,500. Nikaiandika kwa tarakimu kubwa katikati ya ukurasa, nikaizungushia duara. Kodi ya fremu, umeme, mshahara wa kijana, chakula cha nyumbani, ada ya binamu yangu aliyekuwa shule ya binafsi, vyote hutoka kwenye hiyo 5,500. Na redio pia ingetoka humo humo.

"Sasa gawa 450,000 kwa 5,500," nikamwambia, nikampa kikokotoo abonyeze mwenyewe. Ikaja themanini na moja na kitu.

"Yaani?"

"Yaani redio ituletee wateja 82 ambao bila redio wasingekuja, ndipo tutakuwa tumerudisha hela yao. Faida inaanzia kwa mteja wa 83."

Alikaa kimya, akatazama kabati la vitambaa. Msimu uliopita tuliuza seti kama 300, msimu mzima. Kisha nikamwonyesha upande wa pili, ambao kwangu ulikuwa mzito zaidi: 450,000 ikitoka kwenye hela ya majora, ni vitambaa vya seti zaidi ya 50 ambavyo havitanunuliwa. Tungemlipa mtu atuitie wateja, waje wakute kabati halina kitu. Hapo Shangazi akaifunga ile milioni mbili, akairudisha mkobani, akasema hiyo haiguswi. Matangazo yatafute pa kutoka.

Babu, aliyekuwa pembeni anatia mafuta cherehani yake, ndiye aliyeuliza swali zuri kuliko yote ya siku ile. "Kwani wanaokuja sasa wanatoka wapi?"

Tulikuwa na jibu, na hatukuwahi kulitazama. Kila fundi wa sare ana daftari la vipimo: jina la mtoto, shule, kifua, kiuno, urefu, kianzio alicholipa mzazi, na mtaa, ili akichelewa kuchukua atafutwe. La msimu uliopita lilikuwa chini ya meza, kurasa zimeshikana kwa mafuta ya mashine. Tukalifungua. Babu anasoma mtaa, mimi naweka vijistari, Shangazi anatukosoa pale mwandiko unapokataa kusomeka. Ilichukua mchana mzima na chupa nzima ya chai.

Zaidi ya theluthi mbili walitoka mahali ambapo mtu anaweza kuja kwa miguu au kwa baiskeli: barabara za Ngamiani, Makorora, Msambweni, Mabawa. Wachache walitoka Chumbageni na Nguvumali. Kutoka Pongwe walikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole, na karibu wote walikuwa ndugu wa mtu wa huku. Muheza hakuna hata mmoja. Redio ingesema na watu wa wilaya zaidi ya moja, nasi tungelipia masikio ya mzazi wa Muheza ambaye, akitaka sare, ana mafundi wake palepale sokoni. Sisemi redio ni mbaya. Kwa mtu anayeuza mabati au magodoro na ana gari la kupeleka mzigo, huenda ndiyo njia yake. Kwetu ilikuwa kubwa mno.

Ndipo nikamuuliza Shangazi swali nililokuwa nimelibeba tangu asubuhi. "Ni seti ngapi uko tayari kushona bure, hupati hata senti, ili tu watu wa mitaa hii wakujue?"

Hakujibu haraka. Aliniuliza kama namaanisha faida tu au na kitambaa. Faida tu, nikamwambia. Kitambaa na Babu wanalipwa kama kawaida. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikitikisika. "Thelathini," akasema. "Zaidi ya hapo sitalala."

Thelathini mara 5,500 ni 165,000. Hiyo ikawa bajeti. Haikutoka kwenye kitabu chochote. Ilitoka kwa mwanamke anayejua usiku wake unavyokuwa akidaiwa kodi. Hadi leo naamini ndiyo namna halali ya kupata kikomo: kiasi ambacho kikipotea chote duka linafunguliwa kesho yake kama kawaida.

Kuigawa hakukuwa kazi ndefu, isipokuwa pawili. Bango juu ya mlango, lililopauka hadi jina halionekani, lilitengewa 40,000 za rangi na fundi wa kuandika. Gari la spika kupita mitaani alasiri moja, pamoja na mafuta na kibali, 60,000. Hiyo ilikuwa zawadi kwa Shangazi kwa kuiacha redio, na nilimwonyesha kwamba inahitaji seti 11 kujilipa. Uzi na vifungo kwa ajili ya kurekebisha bure sare yoyote tuliyoiuza, pindo likifumuka au kifungo kikikatika, 15,000. Akiba ya 25,000 isiyo na kazi maalumu. Zikabaki 25,000 za vipeperushi: karatasi 250 za kudurufu kwa shilingi 100, kila karatasi inakatwa vipande vinne, vipeperushi 1,000.

Hapo kwenye vipeperushi tukabishana. Mimi nilitaka bei iandikwe. Shangazi hakutaka kabisa. Wenye maduka ya sare barabara ya pili wangeiona na kushusha zao, na tena mteja akiingia bila kujua bei kuna nafasi ya kuongea naye. Nikamwambia afikirie mama ambaye hajawahi kununua sare mpya, ambaye mwanawe mkubwa hakusoma kwa kukosa michango. Mama huyo anaogopa kuingia dukani aulize, aambiwe bei asiyoiweza, atoke watu wakimtazama. Akiiona 18,000 kwenye karatasi, akaona chini yake kwamba anaweza kulipa kidogo kidogo hadi Januari, atakuja amejipanga. Shangazi hakukubali kwa hoja yangu. Alikubali pale Babu aliposema mkewe asingeingia duka lisilosema bei, na kwamba tangu amwoe hajawahi kumwona akifanya hivyo.

Jambo la pili lilikuwa ushauri wa jirani mmoja, kwamba tuwape walimu chochote kwa kila mzazi watakayemwelekeza kwetu. Mstari huo haukuandikwa hata kwa penseli. "Hiyo ni rushwa," Shangazi akasema, "na atakayeilipa ni mzazi, maana itabidi nipandishe bei." Tukaendelea.

Kuhusu wakati, Shangazi hakuhitaji mtu wa kumfundisha. Mwaka ule Maulidi na Krismasi zilifuatana, na yeye akasema mpaka zote mbili zipite, hakuna mzazi atakayesikia habari ya sare. Hela inakwenda kwenye kanzu, magauni na mchele. Kwa hiyo bango lipakwe rangi mara moja, lakini vipeperushi na gari visubiri siku zile kati ya Krismasi na kufunguliwa shule. Babu akaongeza jambo ambalo halikugharimu kitu: seti moja ya kila shule ya jirani itundikwe nje, nembo ikitazama barabarani. Mama akiiona nembo ya shule ya mwanawe atasimama.

Mwisho nikachora safu mpya kwenye daftari la vipimo, baada ya mtaa: "Ametujuaje." B kwa bango, K kwa karatasi, G kwa gari, M kwa mtu aliyemwelekeza. Niliwasihi wote wawili wasimkatie mzazi kitambaa kabla ya kumuuliza. Ndiyo sehemu ya bajeti isiyo na gharama, na ndiyo niliyoililia kuliko zote, kwa sababu bila hiyo mwaka unaofuata tungekaa tena mezani tukibahatisha.

Januari 2016 watoto walijaa shuleni hadi darasa la kwanza likasomea chini ya miembe, na sisi tulishona hadi usiku. Tuliuza kupita msimu wowote wa nyuma. Siwezi kusema ni matangazo yaliyofanya hivyo. Sehemu kubwa ilikuwa elimu bila malipo, na duka lolote la sare lililokuwa na kitambaa liliuza. Lakini ile safu ilitupa mambo ambayo wingi wa wateja ungeyafunika. Karatasi zilileta wazazi wapya, hasa wa Makorora na Msambweni, wengi wao wameikunja karatasi ndani ya pindo la kanga na wanailipa bei bila kubishana. Gari lilileta seti saba, lilihitaji 11. M zilikuwa nyingi kuliko alama zote, na nyingi ya hizo tulipozifuatilia zilianzia kwa mzazi aliyerekebishiwa pindo bure, akaenda kumwambia jirani. Ile 15,000 ya uzi na vifungo haikuisha.

Mwezi wa pili tulipokaa kufunga hesabu, Shangazi mwenyewe alishika kalamu. Mstari wa gari aliukata. Akauliza kama kuna namna sare ikiwa imeshavaliwa iendelee kusema imeshonwa wapi, maana wengi waliorudi kurekebishiwa walisema walihangaika kukumbuka duka. Tukakubaliana 60,000 ya gari iende Kariakoo kuagiza lebo za kufumwa, zenye jina la duka na namba ya simu. Nilidhani zingewekwa kiunoni, kama kwenye nguo za dukani. Babu akakataa, akasema zishonwe ndani ya kola ya shati, kwa sababu huko ndiko mama anasugua muda mrefu kuliko kwingine akifua, na ataisoma kila Jumamosi. Shangazi akaandika: lebo, 60,000, kola.